Siku Saba za Bure za Mama

Kaka yangu mpendwa,

Habari za siku nyingi? Natumaini u mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri, ila magoti yanamsumbua anapokanyaga cherehani, na habari ya kufunga mota hataki kuisikia.

Nina jambo la kukuchekesha. Fundi viatu wa jirani alituambia kwamba umeshona mavazi ya ile tamthilia ya hakimu. Nikamwambia Mama kwamba ipo kwenye huduma ya filamu mtandaoni, na anayejiunga anatazama siku saba bure. Nilidhani atanifokea, maana tangu mlipogombana ukaenda kushonea waigizaji, neno filamu lilikuwa mwiko humu kibandani. Badala yake akavaa miwani, ingawa msomaji ni mimi, akataka nimsomee masharti mara mbili. Siku ya mwisho ya kujitoa akaiandika ukutani kwa chaki ya kitambaa. Mama yetu si mtu wa kuingizwa mjini.

Wiki hiyo alipokea kazi za kupinda suruali tu. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la nyuzi. Hadithi yenyewe hakuifuata. Hadi leo ukimuuliza hakimu alimhukumu nani, hajui. Alikuwa anaangalia mabega. Mtu akigeuka tu, ananiamuru nisimamishe picha, anasogeza pua hadi kwenye kioo. Siku ya pili akalikazia macho joho la hakimu, akasema kola ile imeanza kushonwa katikati, nyuma ya shingo, kwenda pande mbili, na kwamba anawajua mafundi wawili tu wanaoanzia hapo, mmoja akiwa yeye mwenyewe.

Hata hivyo alitaka kuliona jina lako. Shida ni kwamba sehemu ikiisha, majina ya walioitengeneza hayajafika hata robo, sehemu inayofuata inajianzisha yenyewe. Mimi mwenye macho mazima nilishindwa. Mama aligombana na simu siku tatu mpaka akagundua pa kugusa ili majina yaendelee hadi mwisho. Siku ya sita jina lako likapita. Alilirudisha mara tisa, nilihesabu. Kisha akajitoa mwenyewe bila msaada wangu, akarudi kwenye suruali za watu, analia huku anashona. Kaka, nimefanya kazi naye miaka yote hii, lakini siku ile nilimwona upya. Namstahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Ndiyo maana siwezi kunyamaza tena. Wiki ile ulipoondoka, Mama alinituma nikwambie kwamba hasira zimemwisha, kwamba alikukosea, na kwamba hata ukiamua kubaki huko, umpigie simu. Sikukwambia. Ulipokuwepo, mimi nilikuwa mtu wa vifungo tu. Ulipotoka nikakabidhiwa mkasi wa kukatia, nami nikanogewa. Kila alipouliza umejibu nini, nilisema umekaa kimya. Miaka minne sasa anaamini alikuomba radhi ukamkatalia.

Barua hii itakapokufikia nitakuwa nimeshamwambia yote. Nikasirikie kadiri utakavyo, ni haki yako. Ila mpigie yeye kwanza.

Wasalimie wenzako wa chumba cha mavazi, na ujitunze kifua.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuonea haya.