Jora la Sari ya Wifi

Guangzhou, Jumapili

Dada yangu mpenzi Mwanahawa,

Assalamu alaikum. Pokea salamu nzito kama mizigo ninayofunga kila siku. Mguu wako unaendeleaje? Na cherehani mpya, bado inakata uzi au imeshauzoea mkono wako? Mimi huku ni mzima, na kama kuna la kunihofia basi ni kitambi tu, maana Wachina wakikupenda wanakulisha, na wanaonipenda ni wengi. Nikipita mtaa wa Zhanxi wenye maduka wanatoka nje kunisalimia. Usicheke, muulize mtu yeyote.

Sasa jambo lako, maana najua umeshaanza kuruka mistari. Usiruke. Mama Zulfa aliyekuletea barua hii nimemwambia asifungue begi mpaka umalize kusoma.

Uliponitumia picha ya wifi yako kwenye filamu yake mpya ya Kitamil, amevaa ile sari ya zambarau yenye pindo la kijani, ukasema mama wa bibi harusi anataka sare ya wanawake wote iwe hiyo hiyo, nilikujibu, "Kazi ndogo." Dada, nilizunguka soko la vitambaa la Zhongda mpaka viatu vikaomba talaka. Kila duka nikionyesha picha naambiwa "meiyou," hakuna, kama mtu anafukuza nzi. Na mimi kichwani nina yule fundi uliyemkimbia, aliyekuwa akikuita msaidizi mbele ya wateja. Hii ndiyo kazi yako ya kwanza kubwa ya kushonea harusi. Ikikushinda, atafanya sherehe. Nikasema hapana.

Mwisho nikayaona. Majora mawili tu, dukani kwa bibi mmoja wa Kichina. Nikarukia. Bibi akanizuia kwa kijiti cha kupimia: yana mwenyewe. Na mwenyewe huyo hapo kwenye kigoda anakunywa chai, Mhindi wa Kitamil, mnene, masharubu kama brashi ya viatu, jina lake Selvam, ana duka la sari kwao.

Nikamwambia kwa Kiingereza changu unachokijua, "Kaka, hiki kitambaa ni cha mke wangu."

Akaitazama picha. "Huyu? Mke wako?"

"Dada yangu anamwita wifi tangu nikiwa darasa la tatu."

Akaweka kikombe chini. "Unamjua vipi wewe?"

Basi nikamwaga kama vile nilikuwa nambebea mkoba. Kwamba alianza kwa kucheza mstari wa mwisho, nyuma ya nyota wa siku hizo, na sisi tukasema yule wa pembeni ndiye. Kwamba akapanda mpaka akawa nyota mwenyewe. Kwamba baadaye wakataka aigize mama wa wanaume waliokuwa wapenzi wake wa filamu juzi tu, akakataa, akakaa nyumbani, watu wakasema amekwisha. Na sasa amerudi, kwenye bango yuko peke yake, hakuna mwanaume wa kumshika mkono. Selvam anatikisa kichwa ule mtikiso wao, hujui ni ndiyo au hapana.

Nikanogewa. Nikaingia kwenye ile filamu ya mafuriko, jinsi tulivyoshangilia mwisho, kumbe mtoto hakuzama, kapelekwa kwa bibi yake Pangani.

"Wapi?"

"Pangani."

"Mtoto alikufa," akasema Selvam. "Mke wangu alilia mpaka nikamzimia televisheni."

"Basi mliletewa kanda mbovu."

Tukabishana hadi bibi wa duka akaanza kuficha mikasi. Ndipo nikang'amua. Mtafsiri wetu! Yule wa kibanda cha video kwetu Tanga, aliyekuwa akitusemea filamu kwa Kiswahili juu ya sauti zao. Kitamil alikijulia wapi mtu ambaye hajavuka Muheza? Alikuwa anatunga, dada. Akisikia akina mama wanalia, anaokoa mtu.

Nikamweleza Selvam, nikijua nimeshajiharibia. Akasogeza kigoda karibu. Kisha akauliza polepole, "Na yule mama kipofu?"

"Alipona. Alipewa dawa na Mmasai."

"Na mume aliyefungwa maisha?"

"Msamaha wa rais."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Akampigia mkewe palepale. Mimi nasema maneno manne, yeye anamtafsiria arobaini, sijui aliongeza nini. Mwanamke akacheka, halafu nikamsikia analia. Selvam akakata simu, akajifuta macho.

"Anasema wanawake wanaomlea yule mtoto wapewe jora moja."

"Mawili," nikasema.

"Moja, wewe mwizi!"

Ni moja, dada. Halitoshi sare ya ukoo mzima. Nimekuwekea na la kijani tupu, linalofanana na pindo.

Nisalimie mama, mwambie dawa za magoti zimo. Nisalimie shemeji, fulana yake ni ya kweli, asiioshe kwa maji moto. Na mjomba mwenye duka la mkaa.

Zambarau wavishe mama wa bibi harusi na dada zake. Wengine washonee kijani, uwapigie zambarau kifuani na mikononi. Mama mtu akilalamika kwamba kwenye filamu haiko hivyo, mtazame usoni, umwambie ya Tanga ndivyo ilivyo. Halafu kata.

Ndugu yako asiye na mfano Guangzhou nzima,
Sefu