Picha ya Mtoto wa Resty

Jumatatu, 14 Julai 2025

Ripoti kumi na saba za wanafunzi leo, zote za kubaind, kutiwa gundi na kava, zote za haraka! Mmoja kaleta kurasa zimegeuzwa juu chini, halafu ananiuliza mimi kwa nini. Nikuulize wewe!

Mchana kaingia wifi yangu Resty, mke wa kaka Edwin, kutoka Mukuju. Sijamwona tangu Mei, alipozaa mtoto wa mimba ya miezi minane, amekufa tayari. Amekonda. Katoa karatasi ishirini na mbili alizoandika kwa mkono, barua kwa mtoto, na ile picha ya skani, aliyopigwa mtoto akiwa bado tumboni. Ndiyo picha pekee aliyo nayo. Mtoto alizikwa siku ileile, bila jina, hakuna aliyempiga picha hata kwa simu. Jumapili kuna maombi nyumbani kwao, anataka barua ziwe kitabu, picha iwe mbele. Aliomba niilaminate, niifunike kwa plastiki. Nikamwambia wapi! Laminesheni ni moto, karatasi ya skani ikipita mle inatoka nyeusi tii. Niachie mimi, nitaibaind ndani ya kitabu, kava ngumu. Akanishika mkono, akasema bora nimekuletea wewe, mwingine angeniharibia.

Nikavimba kichwa, mimi Ajambo fundi.

Jumanne, 15 Julai

Nimefanya ujinga. Andika tu, hakuna anayesoma.

Nilibandika picha ukurasa wa kwanza, nikaisukuma ndani kabisa, mpaka kwenye mgongo wa kava, ili gundi iikamate isije ikadondoka. Kwa mapenzi! Mashine ya gundi ikalia pii, nikatoa, nikagonga mgongo mezani kama kawaida. Karatasi tatu zikachomoka — umeme ulikuwa mdogo, gundi haikuyeyuka vizuri. Nikarudisha. Zikachomoka tena. Nikarudisha mara ya tatu, nikakiacha humo, nikaenda kubishana na mteja juu ya bahasha.

Gundi ile inayeyuka kwa nini, kama si kwa moto? Miaka sita nabaind! Moto wa laminesheni naujua, moto wa mashine yangu mwenyewe nikausahau.

Nilipofungua, weusi umeanzia mgongoni umefika katikati. Kichwa cha mtoto chote kimekwenda. Limebaki tumbo na miguu.

Na fotokopi iko hatua mbili kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Sikupiga hata kopi moja. Hata moja!

Jumatano, 16 Julai

Sijafungua duka. Resty kapiga simu mara mbili. Sikupokea.

Alhamisi, 17 Julai

Nimekwenda Tororo, kwenye kliniki alikopimwa. Mtu wa mashine ya skani anaitwa Opio. Nikamweleza yote. Swali lake la kwanza: hukupiga kopi? Nilitaka kumzaba kofi, kumbe mwenye kustahili kofi ni mimi.

Alitafuta kweli, hakunidanganya. Mashine ikijaa, picha za zamani wanafuta. Za Mei hazipo. Nikakaa kwenye benchi nikalia mbele ya wajawazito wa watu, nawatia hofu bure.

Opio akaniita pembeni. Akasema mama, mimba za miezi minane picha zote sura moja, hata mwenyewe hatajua. Akatoa moja kwenye droo, ilitoka na mstari pembeni, mama yake akapewa nyingine. Mtoto wa mama mmoja wa kijiji cha Sikuda, ameshazaliwa, msichana, mzima kabisa. Wa Resty alikuwa mvulana. Nikasema hapana. Nikasema hapana mara ya pili.

Nikaichukua.

Ijumaa, 18 Julai

Nimekata kwa mkasi sehemu ya juu yenye jina la yule mama wa Sikuda. Barua nimezibaind upya kwanza, nikaacha zipoe, ndipo nikabandika picha kwa gamu ya kawaida, ya baridi. Dakika mbili! Ndivyo ningefanya Jumanne, basi.

Wakati wa kupanga kurasa jicho likaangukia mstari mmoja, sikukusudia. Resty anamwambia mtoto kwamba hakuwahi kuona rangi ya macho yake, kwa sababu hakuyafungua. Nikafunga haraka.

Kitabu kimetoka kizuri kuliko vyote nilivyowahi kubaind. Siwezi kukitazama. Ile picha iliyoungua nimeiweka ndani ya Biblia, kuitupa nimeshindwa.

Kesho nitamwambia. Mungu nisaidie, nitamwambia kabla hajakifungua.

Jumamosi, 19 Julai

Wamefika saa nne, Resty na Edwin. Maneno nilikuwa nimeshayapanga: wifi, kaa kwanza, nimekukosea.

Nilifika kwenye "kaa kwanza". Alishakichukua mezani, ameshakifungua. Akapitisha kidole juu ya uso. Kisha akamwita Edwin — njoo uone, pua ni yako! Kaka yangu hajawahi kukubali kuiangalia ile picha, tangu Mei, kila akionyeshwa anatoka nje. Leo alivua kofia, akainama, akaangalia. Akasema si yangu, hiyo ni ya marehemu baba. Resty akasema basi nyote mna pua moja, mbaya! Wakacheka. Wawili, pamoja. Sikumbuki mara ya mwisho kuwasikia wakicheka.

Wakanigeukia. Edwin akasema dada, wewe ndiye shangazi yake, sema, si pua ya kwetu hii?

Nikasema ndiyo. Ndiyo! Mdomo huu.

Edwin akasema sasa ana sura, apewe na jina, la marehemu baba: Okochi. Kesho litatajwa kwenye maombi mbele ya watu wote. Resty anataka kopi ishirini, kila mtu aende nayo nyumbani kwake. Lakini kwanza niandike jina chini ya picha, kwa herufi kubwa, maana mwandiko wangu ni mzuri.

Nimeandika O. Nikasema kalamu imekwisha wino, ngojeni, nakwenda nyuma kutafuta nyingine. Kalamu haijaisha kitu, ndiyo hii naandikia. Nawasikia huko mbele, Edwin anamsomea barua ya kwanza kwa sauti. Amekwama kwenye neno moja, Resty anamsaidia.

Sasa Resty anauliza, wifi, umeipata?