Shafti Sasa Inasimama, Dada Somoe

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Najua huko Masoko utaitikia marahaba, halafu utauliza, "Haya, mashine imekufa nini tena?" Safari hii haijafa.

Unakumbuka Ramadhani zetu hapa Kitomanga. Alasiri banda letu la kusaga linajaa watu na makopa yao ya mhogo mkavu, na hakuna anayekubali unga wake wa mhogo uguse mabaki ya mahindi ya mwenzake. Kila mteja akimaliza nilikuwa nikizima injini, nawe ukiingia na ufagio kusafisha chini ya mashine. Siku ile Bi Mwanahawa alisimama mlangoni na ndoo yake.

"Somoe, changamka, jua hilo linazama!"

"Subiri nifagie, bibi. Au unataka kufuturu kwa bada ya mhogo yenye ndevu za mahindi?"

Watu wakacheka. Nikazima, kelele zikakatika, nikakwambia, "Imezima, ingia."

Injini ilikuwa imezima kweli. Ile shafti ya chuma chini ya mashine haikuwa imesimama. Miaka yote tuliiamini mashine kwa masikio tu: kelele zikiisha, tunaona hatari imekwisha. Lile gurudumu zito la mashine liliendelea kuizungusha shafti kimya kimya. Shafti ikanasa ncha ya kanga yako, kisha mkono.

Ulipotoka hospitali uliniambia, "Mdogo wangu, sikulaumu. Ila banda lile siingii tena." Ukahamia huko Masoko kwa shangazi. Niliandika maneno yako kwenye daftari langu, pamoja na tarehe, na chini yake swali moja: shafti inazunguka muda gani baada ya injini kuzimwa?

Nilichora alama ya chaki kwenye gurudumu, nikazima, nikahesabu kwa simu. Sekunde thelathini na nane. Ni muda wa kutosha kufagia nusu ya banda, dada.

Breki ya kwanza niliifanya kwa ukanda wa tairi niliouzungusha kwenye shafti. Ilinuka kama moto wa takataka, kisha ikang'ang'ania ghafla mpaka mkanda wa mashine ukaruka. Nikajifunza kwamba kusimamisha si kukaba. Nguvu lazima ije kidogo kidogo, na injini isiwe inavuta bado.

Basi nikanunua dramu ya breki ya pikipiki kuukuu, pamoja na viatu vyake vya kubania. Fundi Abdala, anayetuchomelea vyuma, aliigeuza geuza mkononi.

"Sasa wewe unataka kusaga au unataka kupakia abiria wa Lindi?"

"Wewe choma tu, iwe katikati. Ikipinda itatetemeka."

Ilipinda. Tukaikata, tukachoma upya, mara mbili. Leo dramu inazunguka pamoja na shafti, na pedali iko mlangoni, mbali na mkanda. Ukianza kuikanyaga, mkanda unalegea; ukiendelea, viatu vinabana. Ni kazi ya mguu tu, mikono haihitajiki. Nimechora pia mstari mweupe kwenye shafti ili kila mtu aone kwa macho kama imetulia.

Jana nilipima mara kumi. Haikuzidi sekunde nne hata mara moja. Kisha nikachukua kipande cha kanga yako ile, ambacho mama alikihifadhi, nikakifunga kwenye kijiti kirefu. Nilikanyaga, nikahesabu nne, nikakiweka juu ya shafti. Kilining'inia pale pale. Mama aliyekuwa akitazama alisema "Alhamdulillahi", akakikunja, akaondoka nacho.

Sikuombi urudi kufagia. Kufagia ni kazi yangu tangu ulipoondoka, na Bi Mwanahawa anasema ninafagia kama kuku anavyoparua. Nakuomba uje siku moja tu, usimame mlangoni, nje ya banda. Injini nitaizima mimi, na mwenye ufagio nitakuwa mimi. Pedali utaikanyaga wewe. Utautazama ule mstari mweupe kwa macho yako kadiri utakavyotaka, nami nitasubiri.

Safari hii wewe ndiye utakayeniambia, "Ingia."

Mdogo wako,
wa mashineni