Viatu vya Nyanya Mghoi

Makwasinyi, Jumamosi, 14 Agosti 1976

Hoja yangu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Yule mama Mzungu ninayemfasiria, anayetengeneza filamu ya wasusi wa vikapu, alitaka Nyanya Mghoi avue viatu. Ati msusi halisi wa Kasigau hufanya kazi miguu mitupu. Viatu ni vyeusi, vya ngozi. Mwanawe alivituma kutoka Mombasa, na nyanya alivivaa makusudi ili mwanawe aje avione kwenye filamu.

Nilikataa kufasiri. Nilisimama nikahutubu juu ya ukoloni unaotaka Mwafrika abaki kuwa kitu cha makumbusho, nikaendelea hadi...

"Umemaliza, mjukuu wangu?" nyanya akauliza. "Basi mwulize: anapiga picha yangu, au ya marehemu mama yangu?"

Hilo nililifasiri. Mzungu akacheka, akakubali. Nyanya akanyoosha miguu mkekani, akasokota uzi wa mkonge pajani, viatu viking'aa mbele yake. Nikajihesabu mshindi.

Kisha Mzungu akaniita nichungulie kwenye kamera. Picha iliishia magotini.

Maneno ya kumwambia ninayo tele, kwa lugha mbili. Ila wiki ijayo tunakwenda Bura kwa wasusi wengine, na ameahidi kuliweka jina langu kwenye filamu. Nikampisha kwenye kamera.

"Viatu vimeingia?" nyanya akauliza.

"Vimeingia, nyanya."

Akavivua, akavipangusa vumbi kwa ncha ya leso, akaingia navyo ndani.