Kioo Kwenye Mkoba wa Mama

Jumapili, 4 Januari

Kanisa, chai, kufua. Halafu mume wangu Kibet akatupeleka Iten kuona Bonde la Kerio. Miaka tisa nimeolewa hapa Kimumu, na sijawahi kufika. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuliona. Nilipofika ukingoni nilirudi nyuma hatua mbili. Ardhi inakatika tu, na huko chini kabisa kuna mashamba na mabati ya nyumba za watu.

Mama mkwe alikuja bila kualikwa. Alitoa kioo kwenye mkoba, akageuka kutazama jua lililokuwa nyuma yetu, akakirudisha. Alinuna mpaka nyumbani. Miaka sabini na moja na bado anajipodoa! Nilicheka kimoyomoyo.

Jumanne, 6 Januari

Kazini magunia ya mahindi yamejaa ghalani. Nimeyaandika na kupiga chafya siku nzima.

Jioni nilimtania Mama kuhusu kioo. Hakucheka. Kibet akanieleza jikoni. Mama alizaliwa kule chini bondeni, na mdogo wake, Jerotich, bado anaishi huko. Mume wa Jerotich alipokufa, Mama hakwenda kuzika, kwa sababu ya ugomvi wa mbuzi wawili. Mbuzi wawili. Miaka sita hawajasemezana. Simu zipo, barabara ipo, kiburi nacho kipo.

Walipokuwa wasichana, mmoja akichunga juu ukingoni na mwingine bondeni, walikuwa wakimulikiana kwa vipande vya kioo. Najuta kumtania.

Alhamisi, 8 Januari

Mama anataka kurudi Iten, na safari hii asubuhi mapema. Kibet anasema ni utoto, ampigie dada yake simu. Mama anasema simu itakatwa.

Nimemkasirikia Kibet. Nimemwekea ugali bila kumwongelesha. Amekubali kutuachia gari. Nimeomba ruhusa kazini.

Jumamosi, 10 Januari

Tulifika kabla ya saa mbili. Jua usoni, bonde jeupe kwa mwanga. Mama alikishika kioo kwa mikono miwili na kukitikisa polepole kuelekea kijiji kimoja kilicho karibu na mto. Vijana wa mbio walipita wakimwangalia. Nilitamani kuwafukuza.

Saa tatu, kimya. Saa nne, kimya. Saa sita nilimwambia twende, nikijua nasema vibaya. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mtoto.

"Nekesa, asubuhi ni yangu. Jua liko mbele yangu. Yeye atajibu likienda upande huu. Jumapili mlinileta alasiri, saa yake, na mimi ndiye niliyekosa. Ningengojaje yeye aanze?"

Basi tukakaa. Tulikula mahindi ya kuchoma. Alinisimulia jinsi Jerotich alivyoogopa chura. Nilimpenda sana mchana huu, nikaogopa pia, maana sikujua nitamrudishaje nyumbani mtu aliyenyimwa jibu.

Saa tisa, hakuna kitu. Saa kumi kivuli cha mlima tuliokalia kilianza kuteremka kikifunika shamba baada ya shamba. Kivuli kilikuwa kimebakisha mashamba matatu hivi kufika kijijini. Nilikuwa naomba Mungu, naona aibu kuandika, kwa ajili ya kipande cha kioo.

Kikamulika. Mara moja, kidogo, nikadhani ni bati. Halafu tena. Halafu mfululizo, bila mpango, mpaka kivuli kikafika.

Mama alikaa chini kwenye majani. "Huyo ni yeye," alisema. "Hajawahi kujua kuacha." Alilia, nami nikalia. Kisha akaniuliza kama mahindi yamebaki.

Jumapili, 11 Januari

Kanisani Mama alilala mahubiri yote, begani kwangu. Sikumwamsha. Kibet ameniomba msamaha, kwa sauti ndogo.

Jumamosi, 17 Januari

Kibet amempeleka Mama bondeni asubuhi. Mama amebeba kibuyu cha maziwa ya mursik, majani chai, sukari na blanketi jipya. Hakusema atarudi lini, na hakuna aliyemuuliza.

Nyumba imepoa. Nilipokwenda kunawa uso nilikuta kioo chake kimetundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa bafu. Amekiacha. Nimejifunga kitambaa cha kichwa nikijitazama humo, nikaenda kuanika nguo.