Ugonjwa Niliokusingizia

Machimboni, Geita

Kaka yangu, Baba Kulwa,

Shikamoo. Na shemeji naye mfikishie shikamoo yangu. Natumaini mko salama na mvua imefika Samuye. Mimi ni mzima, na safari hii nasema hivyo nikimaanisha. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningeumauma maneno, nawe huna subira ya kusikiliza mtu mpaka mwisho.

Umeona nilivyokaa kimya tangu mavuno. Nilikuwa naumwa, kaka. Ubavu wa kulia ulichoma, homa ikawa inakuja na kuondoka, nikakonda mpaka mkanda ukatobolewa tundu jipya. Duka la dawa walinipa za malaria, kisha za vidonda vya tumbo, wapi. Wenzangu wa machinjioni wakanipeleka kwa mganga. Akasema, "Anayekumaliza mmenyonya ziwa moja." Ziwa la mama tulinyonya wawili tu, mimi na wewe. Nikaamini. Ndiyo maana simu zako sikupokea, na harusi ya Kulwa sikuja.

Nilipozidiwa ndipo nikaenda hospitali. Maabara kuna dada mmoja mkali kama pilipili, Mungu amzidishie. Damu ilionyesha mwili unapigana na minyoo, lakini choo nilichopeleka hakikuonyesha kitu. Akanirudisha nilete tena, na tena. Mara ya tatu akayaona mayai kwenye hadubini. Ni ile minyoo bapa tunayoikuta tukipasua maini ya ng'ombe. Miaka yote naikata na kuitupa, sikujua kwamba hata mtu inamwingia. Nikanyoosha mkono nipewe dawa.

"Unakula maini?" akaniuliza.

"Dada, mimi mchinjaji. Maini ndiyo chai yetu ya asubuhi."

"Basi yaache wiki nzima, halafu urudi. Huenda mayai haya ni ya ng'ombe, umeyala yakapita tu. Nikiyaona tena, hapo yatakuwa ya minyoo yako mwenyewe."

Wiki hiyo wenzangu walichoma maini, mimi nikabaki na uji wangu. Niliporudi mayai yalikuwepo, na picha ya tumbo ikaonyesha ini limejaa madoa. Akanidadisi nakula nini kibichi. Nikamwambia huwa natafuna mashina ya matete ya lambo tunapooshea visu.

"Na ng'ombe wanakunywa hapohapo?"

"Wanakunywa, na kunya wanakunya humohumo."

Akacheka kwa mara ya kwanza. Akanieleza kwamba mayai yakiingia majini, vijidudu vyake hupitia kwa konokono, kisha hung'ang'ania majani, na mimi nikayatafuna. Dawa iliagizwa mbali, lakini ilifika. Homa haijarudi, nala na kushiba. Nimemshukuru kwa "wabeja sana" ya kwetu mpaka amechoka kuitikia. Kanitibu ini, na kanirudishia ndugu.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe amenenepa. Kulwa na mumewe wape pole ya kuoana bila baba mdogo.

Kaka, limebaki moja. Michembe, vile viazi vikavu alivyonitumia shemeji kwa basi, sikuila. Niliimwaga chooni yote, nikanawa mikono, nikidhani mmeitia kitu. Nisamehe. Ikikuwia vigumu sitakulaumu. Lakini ukinisamehe, usihangaike na simu. Nitumie michembe, hata konzi moja, nami nitaelewa.

Mdogo wako wa ziwa moja,
Luhende