Jaketi Lililofukizwa Udi

Jumatatu, 5 Mei

Mazoezi ya hoki saa tisa na nusu. Mashuti arobaini, nimezuia ishirini na tisa. Goti la kushoto bado lauma. Nusu fainali ya vyuo ni Jumamosi ya tarehe 17. Twaha, nahodha wa timu ya wanaume, alibaki kunipigia kona fupi baada ya wenzake kuondoka. Mbele za watu huniita "kipa" tu. Miezi saba sasa. Hakuna ajuaye.

Nilifika nyumbani, mtaa wa Kuze, kabla ya Maghrib. Baba hakuniuliza kitu. Sharti lake nalijua: siku atakaposikia jina langu pamoja na la mwanamume, gongo langu la hoki halitoki tena nyumbani. Nyanya ndiye aliyenidhamini.

Jumatano, 7 Mei

Mvua katikati ya mazoezi. Twaha akanipa jaketi lake la hoki. Nililivaa hadi kona ya mtaa wetu, nikalivua, nikalisokomeza mkobani. Ujinga. Nimefurahi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemrudishia jaketi. Safi, limekunjwa. Hakuna aliyeona.

Jumapili, 11 Mei

Nimeharibu.

Kwetu nguo haikunjwi kabla ya kufukizwa. Jaketi nililitandaza juu ya tenga la kufukizia, chetezo cha udi chini, pamoja na kanzu za Baba. Sikufikiri. Mikono imezoea. Na udi wetu si wa dukani. Nyanya huuza udi wa aina nne hapo barazani, lakini wa tano huuchanganya kwa ajili ya nyumba tu. Hauuzi hata kwa mawifi zake.

Twaha amepiga simu. Mama yake, Bi Zena, amekulia Kuze, aijua harufu ya udi wetu. Alinusa jaketi, akauliza limelala nyumba gani. Twaha akamjibu kwamba alimnunulia yeye udi kwa Nyanya, akausahau garini juu ya jaketi. Mama akashangaa: tangu lini ule unauzwa? Siku hizi unauzwa, Twaha akasema. Basi kesho mama atakuja kuununua mwenyewe.

Nikamwambia Twaha kwamba hauuzwi. Hakujua. Kijana wa mtaa wa Makupa angejuaje?

Jumatatu, 12 Mei

Sikwenda chuoni. Bi Zena alikuja saa nne. Salamu ndefu, hali za wazee, mvua. Mimi nyuma ya pazia.

"Nasikia siku hizi wauza ule wenu," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mwanangu. Asema kanunua kwako."

"Ndiyo, nilimuuzia." Kisha Nyanya akaniita nilete kopo la udi wa nyumba. Nikalileta. Hakunitazama. Alimuuzia Bi Zena kopo zima, akamwambia, "Pua hiyo yako yafaa ilipwe mshahara." Wakacheka wote wawili.

Maisha yake yote hajauza udi ule. Ameuza leo, kunisitiri mimi.

Mgeni alipoondoka, Nyanya aliendelea kupanga vikopo vyake. Hakuuliza chochote. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwambia Nyanya yote. Swali lake lilikuwa moja: "Huyo kijana ana jina, au ana jaketi tu?"

Nikalitaja jina. Akasema amesema uongo mara moja kwa ajili yangu, hatasema wa pili. Baba akimuuliza, atamjibu.

Nilimpigia Twaha. Akasema alidanganya ili nisinyang'anywe hoki. Nikamwambia uongo huo ulimwokoa na yeye pia. Nikakata simu.

Jumatano, 14 Mei

Mashuti arobaini, nimezuia kumi na tano. Twaha alipita upande wa pili wa uwanja. Hakuna ujumbe. Nimeshika simu mchana kutwa kama mgonjwa.

Alhamisi, 15 Mei

Amekuja.

Baada ya Alasiri, mlango wa mbele, peke yake. Baba ndiye aliyemfungulia. Mimi nilikuwa ngazini, nimeshika ukuta.

Nyanya akamwambia posa hailetwi na mwenyewe, wazee wake wako wapi? Twaha akaweka lile kopo la udi juu ya meza.

"Sikuja kuposa, nyanya. Wazee watakuja. Nimekuja kukwambia nilimdanganya mamangu, na wewe ukaubeba uongo wangu. Mamangu sasa ajua. Jaketi lilifukizwa na Rukia. Nilikuwa nimempa mimi."

Sauti ilimtetemeka. Kwenye jina langu haikutetemeka.

Baba alimuuliza mambo kwa sauti ya chini, sikuyasikia. Twaha alipoondoka, Baba akapanda ngazi, akachukua gongo langu, akalifungia kabatini mwake. Hakunigombeza.

"Mpaka wazee wa kijana waje," akasema.

Nikamuuliza kuhusu Jumamosi.

"Hata Jumamosi."

Jumamosi, 17 Mei

Wamecheza bila mimi. Mbili kwa moja, tumetolewa. Kocha amenitumia maelezo ya mabao yote. Nimelia kidogo, nikanawa uso.

Wazee wa Twaha wametuma salamu. Watakuja Alhamisi.

Baba aliingia na vikombe viwili vya kahawa. Akauliza tumefungwa ngapi. Nikamwambia.

"Ungeyazuia?"

"La kwanza. La pili, sidhani."

Akataka kujua la kwanza liliingiaje. Nikaweka kikombe changu mahali pa mpigaji, chake langoni, mahali pangu. Akakisukuma chake kidogo.

"Ungesimama hapa?"

"Mbele zaidi."

Akakisukuma tena. Kahawa ilipoa. Tulikaa hivyo mpaka adhana.